Hodi ya Mkuu wa Chuo

Mafuriko yalipozoa nyumba zetu kule Haneti, mkuu wa chuo kikuu kimoja hapa Dodoma alitupa ukumbi wa mitihani tulale. Ni mama mwembamba, miwani inaning'inia kifuani, na viatu vyake vya ngozi vina tope ambalo hajihangaishi kulifuta. Kinachonishangaza ni hodi yake. Ukumbi ni wake na funguo anazo mkononi, lakini kila asubuhi husimama nje mpaka mmoja wetu aseme karibu. Ndipo aingie, awaamkie wazee shikamoo, aonje uji na kuuliza nani alikohoa usiku. Nikawa najiuliza, ni adabu tu, au anatuogopa?

Jana alikuja na wageni wakubwa wenye kamera. "Hodi!" akaita. Ndani, jirani yangu Tabu alikuwa anamwogesha mwanawe, kanga moja tu mwilini. "Bado!" akajibu kwa ukali. Nikachungulia dirishani. Mgeni mmoja alitazama saa yake. "Profesa, si ukumbi wenu huu? Tuingie tu." Yeye akatia funguo mkobani. "Wenyewe wamesema bado," akasema, akajikinga jua kwa faili. Wakasimama wote. Tabu wala hakuharakisha. Alimfuta mtoto, akampaka mafuta, akajitanda kanga ya pili, ndipo akaenda mlangoni. Tangu maji yabebe mlango wa nyumba yake, hakuwa amemkaribisha mtu. "Karibuni," akasema, "lakini vueni viatu."