Bata Waliomnyamazia Flavia

Kunapambazuka Kirua Vunjo. Ukungu bado umekalia migomba, na Flavia Mlay ameinama ndani ya banda, mkono mmoja chini ya tumbo la bata bukini anayeatamia. Anatoa yai, analiweka sikioni, anasikiliza, analirudisha.

"Shikamoo mama," mwandishi anamsalimia kutoka mlangoni.

Kimya. Mama huyu wa miaka arobaini na tisa anamtazama mgeni, anainua kidole kuzuia maneno, anaendelea na yai la pili. Huku mlimani shikamoo isiyoitikiwa ni jambo zito. Unaanza kujiuliza kama umekuja kwa ubaya, au kama huyo uliyemsalimia ana lake analolificha.

Anamaliza, anatoka, anafunga makomeo mawili na kufuli juu yake. Ndipo anafungua kinywa.

"Marahaba, mwanangu. Usinifikirie vibaya, wanaonifikiria vibaya wanatosha. Humo ndani sisemi. Yai lililokaribia kutotolewa linasikia, na mimi sitaki tena bata anayeijua sauti yangu."

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Flavia, ambaye kijijini anaitwa Mama Denis kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa akiyasemesha mayai yake Kichagga kama anayesemesha mtoto mgongoni. Vifaranga wakitoka aliwaweka kwenye boksi jikoni, karibu na chemli, akawalisha pumba na mchicha kwa mkono wake mwenyewe. Walimfuata mferejini, walimfuata shambani, na Jumapili moja walimfuata mpaka mlango wa kanisa. Padri alicheka. Wanakwaya hawakucheka.

Alianza kazi hii miaka saba iliyopita, bei ya kahawa ilipoanza kuyumba. "Kahawa ilisomesha watoto wangu wawili wa kwanza," anasema. "Wa tatu ikamwacha njiani." Mumewe, Theodory, alipinga. Alisema kahawa inanywewa na Wazungu, je, hao bata watanywewa na nani?

Wateja walitoka mjini Moshi. Biashara huria ilileta runinga na redio kubwa madukani, na nyuma yake wakaja wanaozitamani bila kuzilipia. Watu wakaanza kutafuta walinzi. Flavia akawauzia bata, jozi moja shilingi elfu thelathini.

"Mbwa anarushiwa kipande cha nyama, anamsahau bwana wake," anasema. "Bata bukini hahongeki. Akimwona asiyemjua atapiga kelele mpaka mtaa mzima uamke."

Banda lake linaonyesha mtu asiyemwamini yeyote. Limeinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo imesimama ndani ya kopo la oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku, asubuhi unakuta manyoya. Madirisha yana wavu ambao kidole gumba hakipiti. Hiyo ni dawa ya nguchiro. Sakafuni kuna majani makavu ya mgomba, na yakipata unyevu tu anayatupa, maana unyevu unaozesha miguu ya bata. Mchana vifaranga wa kubaki nyumbani wanakula majani chini ya wavu mwingine, kwa ajili ya mwewe.

"Lakini mnyama mbaya kuliko wote," anasema, akijaribu kufuli kwa mara ya pili, "ni yule anayejua komeo linavyofunguliwa."

Mnyama huyo ndiye aliyemponza. Mwaka jana alimuuzia jozi mzee Elimringi, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini. Baada ya muda akaenda kuwapunguza manyoya ya mabawa. Bata walipomwona wakamkimbilia, shingo chini, bila hata mlio mmoja, wakajisugua kwenye kitenge chake. Majirani walisimama uani kutazama. Flavia alijisikia malkia.

Wiki iliyofuata nyumba ile iliibiwa. Runinga ilikwenda, cherehani ikaenda, redio ikaenda. Mlango haukuvunjwa. Na bata hawakulia.

Majirani waliikumbuka siku ya mabawa. Bata wanamnyamazia nani? Wanamnyamazia Mama Denis. Flavia aliitwa kituoni, akahojiwa mchana kutwa, jioni akaachiwa. Hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watu wanavyosema wakitaka kusema zaidi. Wateja sita waliokuwa wameagiza vifaranga wakaghairi. Wengine walirudisha bata wakubwa wakidai wanachafua ua.

"Hayo yote niliyavumilia," anasema. "Siku moja kwenye sala ya jumuiya nilikaa karibu na Mary. Tulipokea komunio ya kwanza pamoja, sisi. Akautoa mkoba wake kwenye benchi, akaupakata. Wala hakunitazama. Nilirudi nyumbani nikalia."

Kwa mzee Elimringi, bata wale wale wawili wanamfokea mwandishi tangu getini. Mwenyeji anawafukuza kwa fimbo, anakaribisha kiti barazani.

"Mimi sijasema ameiba," anasema taratibu. "Nimesema bata walinyamaza. Wewe umesoma, jumlisha mwenyewe."

Je, ni nani mwingine ambaye bata hawa hawampigii kelele?

"Watu wa nyumba hii. Na watu wa nyumba hii hawaibi."

Kabla hajamaliza kusema, shemeji yake anayeishi hapo anaingia kwa mlango wa nyuma, anapita katikati ya bata kwenda bombani. Hakuna bata anayeinua kichwa. Mzee Elimringi anawatazama bata, anamtazama mwandishi, kisha anauliza kama chai itanywewa na maziwa.

Flavia anapoelezwa jambo hilo anapukuta pumba kwenye kitenge.

"Huyo shemeji anakaa pale?"

Anakaa pale.

"Basi bata wanamjua, imetosha. Mimi nimehukumiwa na bata, mwanangu, naijua ladha yake. Jina lake usiliandike." Anainuka, anapiga hatua mbili kuelekea bandani, anageuka. "Lakini ule mlango wa nyuma, uliangalia komeo lake liko upande gani?"

Ubishi na watu ulimshinda, kwa hiyo akabadili ulezi. Sasa hauzi kifaranga. Mayai yanaatamiwa kwake, kwa ukimya ule, na yakianza kugongwa kwa ndani anayapanga kwenye kikapu chenye matambara ya moto na kuyapeleka kwa mnunuzi. Vifaranga wanafungulia macho kule. Uso wa kwanza kuuona ni wa mwenye nyumba, na mkono wa kwanza kuwalisha ni wake. Flavia hafiki tena, hata kama ni kukata mabawa. Anamwelekeza mwenye bata jinsi ya kufanya.

"Ni kazi ya kuumiza," anakiri. "Ni kama kuzaa ukampa jirani."

Mpaka sasa aliyekubali ni mmoja tu: Veronika, muuguzi mjane anayeishi mtaa wa Pasua, mjini Moshi. Alikubali, anasema mwenyewe, kwa kuwa hana runinga ya kuibiwa. Bata wake sasa wana miezi mitano, na Flavia hajawahi kuwaona. Jumamosi hii ameamua kwenda kujihukumu.

Njiani ana hofu iliyo wazi. Je, kama walimsikia ndani ya yai? Je, kama damu inajua? Wakikimbilia kitenge chake kwa upendo mbele ya mtaa mzima, atakuwa amekwisha.

Anafika getini, anavuta pumzi, anasema kwa Kichagga maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia bata wake zamani. Kisha anasukuma geti.

Bata watatu wanamjia wamefungua mabawa, shingo mbele, wakipiga kelele za kupasua masikio. Mmoja anamng'ata kitenge na kukivuta. Majirani wanachungulia. Mtu anauliza kwa sauti, "Mwizi?" Flavia amesimama pale pale, machozi yanamtiririka, anacheka kama msichana.

"Wasikieni!" anapaza sauti. "Wananiita mwizi! Aika, asanteni, wanangu, pigeni kelele, pigeni!"

Mpango wake ni mmoja. Anataka mzee Elimringi aje asimame kwenye geti hili asikie kwa masikio yake, na Mary aje naye, na mkoba wake. Baada ya hapo, anasema, atapanua banda.

Jioni, nyumbani Kirua, bata dume mzee anatoka nyuma ya masale, mimea iliyopandwa mpakani. Anaitwa Diwani, kwa jinsi anavyotembea kifua mbele. Ni wa uzao wa kwanza kabisa, aliyelelewa jikoni, na Theodory amekwisha kumshauri mkewe mara nyingi amchinje. Anamjia Flavia, aliyeketi kizingitini, bila mlio, anaweka kichwa mapajani mwake.

Flavia anatazama kwanza barabarani, juu na chini, kuhakikisha hakuna mtu anayepita. Ndipo anamshika shingo na kumsemesha.