Nyimbo za Haboba Safinah

Husnah Abdunoor alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mengo, lakini Jumamosi zake alizitoa kwa nyimbo. Aliwatembelea vikongwe wa Kinubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani enzi za wakoloni, akawarekodi wakiimba nyimbo za harusi. Wa kwanza kurekodiwa alikuwa Safinah, haboba yake, yaani bibi yake mzaa mama.

Kisha haboba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakamkauka. Sauti yake ya zamani ikabaki kwenye flashi moja tu.

Siku moja Husnah aliichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha, apate nakala za mtihani. Aliporudi nyumbani na kuifungua, hakuona kitu. Nyimbo zote hazipo. Alikaa kitandani akalia, mlango ameufunga ili haboba asisikie.

Mwalimu mwenzake, Babra, ndiye aliyempeleka mtaa wa Kamwokya kwa Ocira, polisi mstaafu anayetengeneza kompyuta.

"Tangu hapo umeweka kitu kingine ndani?" Ocira aliuliza.

"Hapana, afande. Niliogopa hata kuigusa."

"Vizuri. Sasa tazama. Tunaona tupu, lakini kompyuta inasema nusu ya nafasi imejaa. Imejaa nini?"

Husnah akajifuta macho.

Ocira aliondoa kwanza virusi vilivyoingia kutoka kompyuta ya duka, kisha akaeleza. Virusi havikufuta faili; viliziwekea alama mbili, moja ya kuzificha, nyingine ya kuzifanya zionekane mali ya mfumo wa kompyuta. Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha, la kuandikia amri tu, akamsogezea kibodi.

"Andika wewe, mwalimu, ili siku nyingine usihangaike. Alama ya kutoa ni kuondoa. H ni kufichwa, S ni mfumo, E ni flashi yako; mwishoni /s /d, ifike kwenye folda zote."

Husnah akaandika polepole, akihakiki kila herufi: attrib -h -s E:\* /s /d. Akabonyeza.

"Mbona haijibu?"

"Ikinyamaza, imekubali. Fungua."

Nyimbo zilikuwepo. Mbili ziligoma kufunguka, na hizo hazikupona kamwe. Husnah alimshika Ocira mkono kwa mikono yake miwili.

Alasiri ile alimwekea haboba wimbo wa kumtoa bibi harusi. Kikongwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kiitikio kilipofika, midomo yake ikacheza. Mara ya pili ikatoka sauti, nyembamba na ya kukwaruza, nyuma kidogo ya mdundo, lakini maneno yakiwa kamili: yeye ambaye hata maji ya kunywa aliyaomba kwa kidole.

Wimbo ulipokwisha akamtazama mjukuu wake.

"Tena," alisema.

Wakaimba mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake Husnah alinakili nyimbo zote kwenye kompyuta ya Babra, kisha akampigia Halimah, kikongwe mmoja wa Kinubi huko Nateete, kumuuliza kama Jumamosi ana nafasi.