Mstari wa Rangi ya Kucha

Saa mbili na robo asubuhi, Hamud Salim anatikisa chupa ya rangi ya kucha. Anaifungua, ananusa, anaifunga tena na kuirudisha kwenye mfuko wa shati lake la kazi. Mbele yake, ndani ya banda la bati lililo nyuma ya duka la nati na bolti huko Gerezani, kuna gari la bluu ambalo boneti yake iko wazi. Injini imefungwa upya yote. Kimebaki kitu kimoja tu, mstari wa rangi usiozidi urefu wa punje ya mchele.

"Rangi ni ya mke wangu," anasema kabla hajaulizwa. "Najua watu wanacheka. Wacheke tu."

Laiti wangeishia kucheka. Mwezi uliopita watu zaidi ya laki mbili walimwona Hamud kwenye simu zao akiitwa mwizi. Walioitazama video ile waliisambaza, wakaongeza matusi yao, wakaendelea na shughuli zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza: mbona boneti haifunguliwi?

Hamud ana miaka hamsini na mbili. Baba yake aliuza vitambaa Kariakoo, na ndugu zake wanne wako nyuma ya kaunta mpaka leo. Yeye alipomaliza shule akaenda kushika spana.

"Mama alilia siku tatu," anakumbuka. "Akasema, mwanangu gani huyu anarudi nyumbani ananuka dizeli, na duka lipo?"

Miaka kumi na tano sasa anashughulika na turbo peke yake. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani. Hewa ikitosha, kuna kimlango kinafunguka na kupitisha moshi pembeni ili feni isizidi kasi. Wenye magari wanaotaka nguvu zaidi humwomba Hamud awawekee koki, kidude cha shaba kinachokaa kwenye mpira mwembamba unaokiamuru kimlango hicho. Ukikaza koki, kimlango kinachelewa kufunguka. Presha inapanda, na gari linakimbia.

Presha ikizidi, injini inakufa. Jambo hilo Hamud humweleza kila mteja, polepole, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Gari kama hili la bluu lilitoka kiwandani na presha ya pauni kumi na moja. Yeye analipandisha mpaka kumi na nne, na hapo ndipo mwisho wake.

"Wanataka ishirini," anasema. "Wote wanataka ishirini. Mimi namwambia, baba, hili joto la Dar, na mafuta unayoweka hujui yametoka tangi gani, ishirini utakwenda nayo mpaka Tegeta halafu utarudi unavutwa kwa kamba."

Tatizo ni kwamba koki inazungushwa kwa vidole, mtu akishalegeza nati yake. Ndiyo maana ya rangi ya kucha. Hamud akishaweka presha anakaza nati, kisha anampa mteja chupa ya Anfal, mkewe, na kumwambia achore mstari mmoja kuanzia kwenye koki kushuka hadi kwenye nati. Mteja mwenyewe ndiye anayechora. Koki ikiguswa, mstari unakatika, na kila mtu atajua imeguswa.

"Kwa nini achore yeye? Kwa sababu nikichora mimi, kesho atasema nimechora mwingine," anasema Hamud. "Mkono wake anaujua."

Seifu alifika bandani hapo mwezi wa tatu. Ana miaka ishirini na tisa, anauza simu Kariakoo, na kwenye mitandao ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa kata nzima. Alikuja vizuri. "Shikamoo, fundi," alisema. Akaitikiwa marahaba, akaletewa kiti. Akataka ishirini, akaambiwa kumi na nne, akakubali kwa kununa.

Ulipofika wakati wa kuchora, Seifu alikuwa anajirekodi kwa mkono wa kulia. Akachora kwa kushoto. Mstari ukatoka umepinda, unatetemeka, na mwisho wake una kibonge cha rangi.

"Nikamwambia tufute, urudie," anasimulia Hamud. "Akasema, acha hivyo hivyo mzee, ndiyo saini yangu."

Wiki tatu baadaye Seifu alirudi, gari likivutwa. Injini ilikuwa imekufa barabara ya Bagamoyo, mbele kidogo ya Bunju, siku ya Jumapili ambayo barabara ni nyeupe na vijana hupimana ubavu. Hakusalimia. Alisimama mbele ya banda, akainua simu, akarekodi sekunde arobaini na moja.

Mwandishi wa makala haya ameitazama video hiyo mara nyingi kuliko alivyotaka. Anaonekana Hamud ametoka chini ya gari jingine, kidevu kina oili, hajui hata anarekodiwa. Inasikika sauti ya Seifu: "Muoneni huyu mzee. Mwizi. Kaniwekea koki feki, kaniulia injini. Msimpelekee magari yenu." Hamud anasema, "Fungua boneti, kijana." Anarudia, "Fungua boneti tuone." Video inakatika hapo. Seifu akaondoka na gari lake, likivutwa vilevile, kulipeleka gereji nyingine.

Kabla ya hapo Hamud alikuwa akipokea magari ishirini na kitu kwa mwezi, na ufundi wake kwa kila koki ni shilingi laki moja na nusu. Wiki mbili zilizofuata alipata gari moja, tena la kubadilisha mpira uliopasuka. Mteja wa siku nyingi, aliyekuwa ameshaacha ufunguo, alituma mtu aje auchukue.

Anfal alikumbana na video hiyo sokoni Mchikichini, akichagua viatu vya mitumba vya watoto. Muuzaji alikuwa akitazama simu na kucheka.

"Akanigeuzia nione," anasema Anfal, mwanamke mpole ambaye kwa jambo hili upole umemwisha. "Akaniambia, dada, ona mafundi wetu walivyo. Hakujua ni mume wangu. Nikarudisha viatu, nikaondoka. Mpaka leo sijapita pale. Sasa nimekosa nini mimi?"

Pigo kubwa lilitoka kwa mwenye banda. Mzee Ravindra, mwenye duka la nati na bolti, amekaa na Hamud miaka kumi na tano bila ugomvi. Lakini wateja wa duka walianza kumuuliza kama ndiye anayemfuga yule mwizi. Alimwita Hamud, akamwambia mambo yasiposafishwa hadi mwisho wa mwezi, ahamishe vyombo.

"Roho iliniuma kumwambia," anakiri Mzee Ravindra. "Lakini nikasema, nitafanya jambo moja la haki. Nitawaita wote wawili, na boneti itafunguliwa mbele yangu."

Jambo hilo moja la haki, ambalo watu laki mbili hawakulifikiria, lililetwa na mzee wa miaka sabini asiyejua hata kufungua video.

Seifu hakukataa. Alikuja siku ya tisa baada ya kuitwa, gari likiwa nyuma yake kwenye gari la kuvuta, na uso wa mtu aliyejiandaa. Boneti ikafunguliwa. Mzee Ravindra akavaa miwani, akawasha tochi. Koki ilikuwa mahali pake, nati mahali pake, na mstari mwekundu ulishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika.

"Haya," Seifu akasema. "Mstari huo hapo. Nani kagusa?"

Hamud anasema kwa sekunde chache alidhani kweli amekosea. Halafu akainama, akautazama tena mstari ule.

Ulikuwa umenyooka.

"Nikamuuliza, Seifu, huu umechora wewe? Akasema ndiyo. Nikamwambia, wewe ulichora kwa mkono wa kushoto, simu ukiwa nayo kulia. Mstari wako ulikuwa unayumba na una kibonge chini. Huu umepigwa kama kwa rula. Tena rangi ya Anfal inaelekea kwenye zambarau. Hii nyekundu ya pilipili umeitoa wapi?"

Hamud akaomba wembe dukani, akakwangua taratibu. Chini ya rangi mpya ilikuwepo ya zamani. Kipande cha juu, chenye wasiwasi wa mkono wa kushoto, kilikuwa upande mmoja wa koki. Kipande cha chini, chenye kibonge, kilibaki kwenye nati upande wa pili kabisa, nyuma, ambako tochi haikufika. Koki ilikuwa imekazwa nusu mzunguko mzima.

Kijana aliyemwita mwenzake mwizi alikuwa ameingia dukani kununua rangi ya kucha ili afiche alichofanya kwa vidole vyake mwenyewe. Pistoni ya tatu ilipotolewa baadaye, ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Seifu aliomba radhi palepale, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Akasema alitaka kuwashinda wenzake siku ile moja tu, kisha arudishe. Mzee Ravindra akasema Hamud asihame. Wakapeana mikono. Mtu angedhani hadithi imeishia hapo.

Haikuishia. Video bado ipo. Asubuhi ambayo makala haya yanaandikwa, ilikuwa imeongeza watazamaji elfu tatu tangu jana yake.

Mwandishi alimpigia Seifu kumuuliza kwa nini. "Ah, hayo yameshapita, ndugu mwandishi, tumeshaelewana na mzee," alijibu. Alipobanwa zaidi alisema kitu ambacho inabidi kiandikwe kama kilivyo: "Ile video ndiyo imenikuzia ukurasa. Watu wanakuja dukani kwa sababu yake. Nikiifuta napoteza."

Yaani jina la mzee wa watu limegeuzwa kibao cha kuuzia simu, na mwenye kibao haoni aibu kulisema.

"Alinichafua mbele ya watu laki mbili," anasema Hamud, "akaniomba radhi mbele ya Mzee Ravindra. Hiyo ni radhi ya namna gani? Wateja wangu walikuwepo?"

Hata hivyo gari limeachwa kwake. Gereji ile nyingine ilishindwa nalo, Seifu akanunua pistoni na kumwomba Hamud alitengeneze. Jirani zake walimshangaa kwa kukubali. Yeye alikubali siku ileile, kwa sharti moja, na Seifu akaitikia bila kusikiliza vizuri, kama alivyoitikia pauni kumi na nne.

Sasa injini iko tayari. Imewashwa jana mchana, imenguruma vizuri, presha imesimama kwenye kumi na nne. Nati imekazwa. Seifu ameshatuma ujumbe mara tatu akiuliza aje lini kulichukua. Hamud hajambania. Amemjibu aje hata leo.

"Gari lake hili hapa, limekwisha," anasema akiifuta koki kwa kitambaa mpaka shaba inang'aa. "Limebaki mstari, na bila mstari gari halitoki kwangu, hiyo anaijua. Atasimama palepale aliposimama siku ile. Boneti itakuwa wazi. Atachora, na huku anachora atasema nani alikaza koki na nani alinunua rangi. Sharti lilikuwa hilo."

Anagusa mfuko wa shati, kuhakikisha chupa ya Anfal bado imo.

"Mikono yake yote miwili itakuwa na kazi," anasema. "Simu nitashika mimi."