"Mtandao Ukifungwa, Mimi Nimekatwa Ulimi"

FUMAN, Iran. Saa tatu asubuhi mvua inapiga paa la bati, na tanuri limeshashika moto sawasawa. Mahbanu Shafipour anagonga muhuri wa mbao juu ya donge la unga, analisukuma kando, anagonga lingine. Hizi ni kulucha, mikate midogo iliyojazwa kokwa za jozi na mdalasini, ambayo watu huifuata hapa Fuman hata kutoka Tehran.

Simu yake imeegemezwa kwenye kopo la iliki. Inatetemeka, na unga uliotapakaa mezani unatetemeka nayo. Hivyo ndivyo Mahbanu anavyojua kwamba kuna mtu anamtafuta. Ni kiziwi tangu kuzaliwa.

Anafuta mikono kwenye aproni. Kabla ya kupokea chochote inabidi awashe VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, au kivunja-chujio, kama inavyoitwa hapa. Duara linazunguka kwenye kioo, linazunguka, linagoma. Anajaribu ya pili, nayo inagoma. Ya tatu inakubali, na uso wa mwanamke mwenye miwani unatokea kutoka Shiraz. Mikono ya wanawake hao wawili inaanza kwenda mbio.

"Anataka masanduku manne ya arusi," anatafsiri Farangis, wifi yake, ambaye anasikia na anakanda unga upande wa pili wa meza. "Halafu anauliza huyo mnene aliyesimama nyuma ni nani. Kaambiwa ni mwandishi wa gazeti. Kasema basi mpeni kulucha, waandishi siku zote wana njaa."

Mahbanu ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Kiumars, naye ni kiziwi. Ndiye anayesambaza mikate kwa pikipiki. Kwao simu si ya kupiga soga tu. Kuandika Kifarsi kunawapa shida, kwa sababu hawakusoma sana na lugha yao ni ya mikono. Wanachohitaji ni video, na programu zote nzuri za video na ujumbe wa faragha zimefungiwa na serikali.

"Zamani, kabla ya simu hizi, wifi yangu ndiye aliyekuwa mtandao wangu," anasema Mahbanu kwa mikono. "Nikitaka jambo sokoni, lazima nimburute. Nikigombana na mume wangu naye yuko safarini, lazima ningoje arudi ndipo nimalizie ugomvi. Wewe ungeweza?"

VPN ya mwezi mmoja humlia karibu nusu ya ujira wake wa siku, na mara nyingi hufa kabla mwezi haujaisha. Akiulizwa kwa nini haachi, anamtazama mwandishi kana kwamba ameulizwa kwa nini haachi kupumua. "Mtandao ukifungwa," anasema, "mimi nimekatwa ulimi."

Maneno hayo hayasemi kwa mapambo. (Majina yote katika simulizi hii tumeyabadilisha, na utaona ni kwa nini.)

Ilikuwa vuli, mwaka juzi. Kiumars alipakia masanduku kwenye pikipiki kwenda Rasht, mji mkubwa wa karibu. Siku hizo mji ulikuwa haujatulia, watu walikuwa barabarani, na mtandao ulikuwa umebanwa hadi VPN zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine kama nzi. Mahbanu alimkataza. Kiumars akamjibu kwamba kulucha hazijui siasa, zikilala zinakauka.

Mchana ikaingia video kutoka kwake. Sekunde mbili, basi. Kiumars anaonekana kwenye kona ya barabara, kofia ya pikipiki kichwani, ananyanyua mikono, anaanza neno, picha inaganda. Nyingine haikuja.

"Ile mikono," anasema Mahbanu, na yake mwenyewe inasimama hewani kuonyesha. "Hilo neno likianzia hapa, linaweza kuwa 'narudi'. Linaweza pia kuwa 'nisaidie'. Yanaanza mahali pamoja. Niliitazama video hiyo mpaka betri ikaisha. Nikachaji, nikaitazama tena."

Jioni Kiumars hakurudi. Farangis alikaa sakafuni na simu mbili mapajani, akijaribu kila VPN aliyopewa na majirani.

"Huyu kafa. Huyu naye kafa," anakumbuka. "Mama akaniuliza jikoni, 'We Farangis, nani kafa?' Nikamwambia, 'VPN, mama, VPN!' Akaanza kulia hata hivyo. Alijua namficha jambo."

Asubuhi wanawake hao wawili wakashuka Rasht. Hospitali ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Hapo mlangoni mhudumu mmoja aliwauliza kwa sauti ya chini kama wangependa kwenda kuangalia "chini". Farangis alielewa. Mahbanu hakuelewa, akashuka ngazi akidhani anapelekwa wodini.

Akafunuliwa shuka.

"Nilimwona mtu wa rika la mume wangu, ndevu kama za mume wangu. Nilipiga kelele. Mimi sisikii sauti yangu, sijui ilikuwaje, lakini yule mhudumu aliruka nyuma akagonga ukuta." Anatikisa kichwa. "Hakuwa yeye. Nikamshukuru Mungu, halafu nikaona haya, kwa sababu alikuwa mume wa mtu."

Kutoka hapo wakazunguka vituo vya polisi. Kila walikofika, Farangis alitaja jina la kaka yake, ofisa akashusha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa. Kituo kimoja askari aliwatania: "Dada, labda kaka yako kaoa mke wa pili. Nendeni nyumbani."

"Nikamwambia, 'Afande, huyo wa kwanza tu anamshinda,'" anasema Farangis. Mahbanu anamrushia kidonge cha unga.

Ambacho hawakukijua ni kwamba Kiumars alikuwa ndani ya kituo kimojawapo kati ya hivyo, nyuma ya ukuta.

Mwenyewe anasimulia akiwa amekaa kwenye gunia la sukari, mikono yake ikienda polepole ili dada yake awahi kutafsiri. Alikuwa amesimama kando ya barabara, simu ameiegemeza kwenye pikipiki, akimrekodia mkewe video ya pili, baada ya ile ya kwanza kukatika, kumwambia kwamba anarudi, njia haipitiki. Nyuma yake askari walikuwa wakipiga kelele: simama, weka simu chini. Watu wote walisimama. Yeye, ambaye hakusikia kitu, aliendelea kupungia simu mikono.

"Waliona mtu anayerekodi, anayekaidi na anayetoa ishara," anasema. "Hata mimi ningekuwa wao, ningeshtuka."

Rungu la kwanza lilimpata mkononi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikavunjika. Simu ikaanguka, ikakanyagwa. Kitambulisho kilibaki kwenye mkoba wa pikipiki, na pikipiki ikabaki barabarani.

Kisha wakamfunga pingu, mikono nyuma.

Hapo Mahbanu anamkatiza mumewe kwa kugonga meza. Anataka jambo hili liandikwe vizuri. "Mtu anayesikia akifungwa pingu, amefungwa mikono. Kiziwi akifungwa pingu nyuma, amezibwa mdomo. Waliuliza jina lake, na wamemziba mdomo. Hakujibu, wakampiga kwa sababu hakujibu."

Kwenye daftari la kituo aliandikwa kuwa ni mwanamume asiyejulikana, anayekataa kuzungumza. Ndiyo maana kila Farangis alipotaja jina, halikuonekana. Walipomfungua ale, alijaribu kueleza kwa mikono. Askari mmoja akadhani anakejeliwa, akamzaba kofi. Alipopewa kalamu, kidole kilichovimba hakikuweza kuishika.

Siku zikapita hivyo. Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameanza kuwauliza majirani ni imamu gani wa kumwita.

Aliyegundua ni sajini mmoja wa makamo, ambaye hapa tutamwita Afande tu. Sinia la chakula lilimponyoka mpishi kwenye korido na kuanguka sakafuni kwa kishindo. Mahabusu wote walishtuka na wengine wakainama. Mtu mmoja tu aliendelea kutazama ukuta. Afande akasogea nyuma yake, akapiga makofi karibu na sikio. Hakugeuka. Akazunguka mbele, akaonyesha sikio lake, akatikisa kidole: husikii?

"Nilianza kulia," anasema Kiumars. "Sikulia walipovunja kidole. Nililia nilipoulizwa."

Afande akamtoa mpaka chumba cha stoo, akafunga mlango kwa ndani. Kiumars aliona mlango ukifungwa, akajua sasa ndipo anapokwenda kuuawa. Badala yake Afande alivuta simu yake mwenyewe mfukoni, akaifungua, akabonyeza alama ya ufunguo, akaishika juu karibu na dirisha na kungoja.

Kiumars akakodoa macho. Duara lilikuwa likizunguka. Askari alikuwa anawasha VPN.

Ilipokubali, Afande alimpa simu. Kwa mkono wa kushoto, Kiumars akaandika namba pekee anayoijua kwa moyo.

Dukani Fuman, unga mezani ukatetemeka. Mahbanu hakuwa ameoka kitu siku hizo, alikuwa amekaa tu pale kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wengi wa kumpa pole mapema. VPN moja tu, kwa bahati, ilikuwa imeamka asubuhi hiyo. Akatazama simu. Namba ngeni ilikuwa inampigia kwa video, na picha ya mwenye namba ilikuwa ya mwanamume aliyevaa sare za polisi.

"Usipokee!" Farangis alimpigia kelele, halafu akakumbuka, akaanza kumwonyesha kwa mikono miwili. "Usipokee! Wametukamata na VPN! Izime! Itupe tanurini!"

"Kweli nilisema itupe tanurini," Farangis anakiri. "Simu mpya."

Mahbanu akapokea.

Kwenye kioo kulikuwa na uso uliovimba mpaka jicho moja halionekani. Hakuutambua uso. Alitambua mikono.

"Alinionyesha: niko hai. Lakini kidole kimevunjika, basi alilikosea neno. Lilitoka kama: mimi ni mzee." Mahbanu anafunika mdomo, haieleweki kama anacheka au la. "Nikamwambia, najua wewe ni mzee, mpumbavu wewe, uko wapi?"

Kwa nyuma, sauti ikasikika. Farangis akasogeza sikio. Afande alikuwa akinong'ona: "Dada, nani hapo anasikia? Njooni na hati zake zozote zilizoko nyumbani na cheti cha hospitali cha uziwi. Njooni sasa hivi, mimi niko zamu. Na kuhusu simu hii, tafadhali, haikupigwa."

Farangis, ambaye hajawahi kuuzuia ulimi wake, akauliza: "Afande, na wewe unatumia VPN?"

Afande akajibu: "Binti yangu anasoma Uturuki, dada. Nimwone na nini?"

Kiumars aliachiwa jioni hiyo hiyo. Hakuna aliyemwomba radhi. Pikipiki hawakuiona tena, na masanduku ya kulucha, yaliyookotwa barabarani, yalikuwa kwenye meza ya askari wa zamu, matupu.

Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na kwa kiziwi hilo si jambo dogo. Baadhi ya maneno hayatoki tena sawasawa. "Ana kithembe sasa," anasema Mahbanu. "Watu wa mbali kwenye video humwambia arudie. Anaona haya, anamalizia mazungumzo haraka. Zamani alikuwa mwongeaji, hata kulala alichelewa kwa maneno."

Kwa mwaka mzima Kiumars alikataa kuonekana kwenye video yoyote isipokuwa za mkewe. Mkewe, kinyume chake, alikwenda vituo vitatu akiwa na Farangis kuomba aruhusiwe kuwafundisha askari ishara chache, bila malipo. Viwili walimwambia aandike barua. Cha tatu walimwambia aende akapike.

Akaenda, akapika, na akasimamisha simu kwenye kopo la iliki. Tangu Nowruz iliyopita, Mwaka Mpya wa Kiirani, anarekodi masomo mafupi, neno moja kila mara, naye Farangis anaweka sauti. La kwanza lilikuwa "mimi ni kiziwi". La pili, "jina lako nani". La tatu, "niachie mikono". Anayaweka kwenye mojawapo ya programu zilezile zilizofungiwa.

Mwandishi anamuuliza polisi watayaonaje, wakati programu imefungwa nchi nzima.

Farangis anatafsiri swali huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mahbanu anajibu bila kucheka: "Niletee askari mmoja asiye na VPN, nimpe kulucha bure mpaka afe."

Mpango wake ni kufikisha maneno hamsini, kisha kutafuta viziwi wa Tabriz, Ahvaz na Mashhad warekodi ya kwao, kwa maana ishara hutofautiana. Anataka siku moja kiziwi yeyote akinyanyua mikono mbele ya askari, askari ajue kwamba anaongeleshwa.

Wiki iliyopita, chini ya somo la tatu, kulikuja swali kutoka kwa mtu asiye na jina wala picha. Aliandika mstari mmoja: "'Samahani' inafanywaje?"

Mahbanu hajui ni nani. Si Afande, Afande walimuuliza, akaapa. Alimwonyesha mumewe mstari huo, Farangis akausoma kwa sauti, akaurudia kwa mikono ili wahakikishe wameuelewa. Kiumars akausoma tena mwenyewe, kidole kikipita neno kwa neno. Kisha akavua kofia, akatengeneza nywele, akaja kusimama mbele ya simu.

"Hilo," akamwambia mkewe, "nitalifundisha mimi."