Neno Ambalo Mama Hakulitamka

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hapakuwa na maji. Si kwamba tulilala na kiu. Kijito kilipita nyuma ya shamba la ulezi na mitungi ilijaa; kilichokosekana ni neno. Babu yangu mzaa baba aliitwa Manji, na kwa Kingoni manji ndiyo maji. Alizaliwa kwenye kivuko cha mto wakati wazee wake wangali njiani kutoka kusini, huko walikosema amanzi, na jina likamganda. Mama alikuwa mke wa mwanawe, na kwa mila yetu mke hatamki jina la baba mkwe wala neno linalofanana nalo. Akilitamka, iliaminika, mtoto aliye mgongoni mwake hatasema maishani.

Mama alikuwa Myao wa upande wa Tunduru, kwa hiyo aliazima neno la kwao, mesi. "Siwema, kaniletee mesi," alikuwa akiniambia, nasi watoto tukalishika neno hilo. Wenzangu walinicheka kijitoni mpaka nikachoka kukasirika. Babu mwenyewe, mzee mwenye kikohozi na ukali wa kuwakaripia hata kuku, alilizoea neno lile, naye akawa anaomba mesi.

Kisha ukaja ule mwaka wa dawa. Mganga mmoja alitoka upande wa Ungindoni na vibuyu vyake, akasema dawa aliyobeba itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kila nyumba isimame pamoja, wanaume na wake zao, wanywe, wanyunyiziwe, na kila mmoja aitikie kwa kinywa chake: maji. Mke asiyeitikia, mumewe atapigwa risasi.

Siku tulipokusanyika uwanjani, mgongoni mwa mama alikuwamo mdogo wangu wa kiume. Alikuwa ameshaanza kutembea lakini hajasema hata neno moja, wakati watoto wa rika lake walikuwa wakiita mbuzi kwa majina. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama, naye akamkaza mtoto mgongoni.

Zamu yetu ilipofika baba aliitikia kwa sauti nzito. Babu naye aliitikia, kama anayejiita mwenyewe, nikabana kicheko. Mama akasema, "Mesi."

Mganga alisimamisha mkono. "Umesemaje?"

"Kwao ndivyo yanavyoitwa," babu akadakia. "Huyu ni Myao. Mnyunyizie."

Akamnyunyizia, lakini aliwageukia watu akatikisa kichwa, na kila mtu akaona. Baba hakumtazama mama. Aliinamisha uso, akaangalia kifua chake palipokuwa na matone.

Jioni ile hakutulia. Aliingia, akatoka, akashika mkuki, akauweka. Mwishowe akachuchumaa karibu na mama jikoni, mimi nikiwa nachochea moto.

"Mama Siwema, liseme tu polepole. Hapa hakuna wa kutusikia."

"Na huyu mgongoni?"

"Umemsikia mganga. Nitapigwa."

"Nimemsikia. Baba Siwema, usinilazimishe kuchagua kati yenu."

Wanaume wa siku zile hawakuwa wavivu wa fimbo, lakini baba hakuinua mkono. Aliinuka akatoka. Alfajiri aliondoka na wenzake bila kugusa uji, akijipapasa kifua. Nilimwona mpaka alipopotea miombo ilipoanza, na mkono wake ulikuwa bado pale pale.

Hakurudi. Waliokimbia vita walituambia alipigwa mapema kabisa, hata boma la Wajerumani lilikuwa bado mbali. Kijiji kikasema Myao amemuua mumewe kwa ulimi. Wanawake waliotamka maji kwa sauti kubwa nao walibaki wajane, karibu kila nyumba, lakini watu wakishapata wa kumlaumu hawatazami tena pembeni. Njaa iliyofuata ikamchukua babu. Mdogo wangu akaanza kusema katika njaa hiyo hiyo, na tangu hapo hajanyamaza.

Nilipokua kidogo nilipelekwa misheni kufundishwa. Asubuhi ya kwanza kengele ililia, mtawa mmoja wa Kijerumani akatuhimiza, "Mese, mese!" Mimi nikanyakua mtungi nikakimbilia kisimani. Walinicheka siku nzima. Mtawa akanieleza kwamba kwao ndiyo ibada ya misa, neno walilolipata kwa Kilatini, wala halina undugu wowote na la Wayao.

Jambo hilo lilininyima utulivu. Sauti karibu ile ile, kwa Wayao ni ya kukata kiu, kwa Wajerumani ni ya kupiga magoti, na nyumbani kwetu ilikuwa ni namna ya kumheshimu mzee mwenye kikohozi. Basi neno ni la watu waliokubaliana nalo, na nje ya hapo halina kazi. Risasi ilijifunza Kingoni lini? Niliporuhusiwa kwenda nyumbani nilikimbia karibu njia nzima, nikiwa na furaha ya mtu aliyebeba msamaha.

Nilimkuta mama anachambua majani ya maboga. Nilimweleza yote kwa pupa, nikirudia pale niliporuka. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Risasi haikujua nilichosema. Baba yako alijua."

Nikakaa chini nikamsaidia kuchambua. Leo watu wanawacheka wale walioamini maji, nami hucheka nao kidogo, kisha moyo hunisuta. Najua neno lile lisingezuia chuma. Lakini baba alikwenda vitani na hofu aliyopewa nyumbani kwake, na mama, aliyempenda, ndiye aliyempa, kwa sababu alimpenda na mtoto. Nimelea wanangu na wajukuu, na kila nikijiweka mahali pake pale uwanjani, mbele ya kile kibuyu, sijui ningesema nini.