Rangi ya Mlango wa Bibi

Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimejisomea kila kitu ambacho hakuna aliyeniomba nikisome: kufunga feni upya, kuchonga mihuri, kufuga njiwa. Halafu nikakuta kamera ya zamani Mchikichini, ndani ya begi la mtumba, nikaingia kwenye filamu ya slaidi. Watu wenye akili zao wanapiga picha kwa simu na kuziona palepale. Mimi nikachagua filamu inayotoa picha yenye rangi zake kwenye kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti. Ukikosea mwanga kidogo haisamehe, na mji mzima sikumpata wa kuisafisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, kwenye nyumba ya kizamani ya bati, yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Watoto wake walishaelewana na mwekezaji: nyumba ivunjwe, ghorofa lipande, mama apewe fleti huko juu. Bibi hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba mlango wa hiyo fleti uwe na rangi ya mlango wake wa mbele. Rangi ile marehemu mumewe aliichanganya mwenyewe kwa mabaki ya makopo, ikawa si bluu wala kijani. Kila mpangaji alikuwa na jina lake la kuiita.

"Mama, tutauhamisha mlango wenyewe," watoto wakamwahidi.

Kabla ya kuhama nikampiga picha amekaa barazani, kando ya mlango, na kanga mpya ya damu ya mzee na njano.

"Mlango umeingia wote?" akauliza.

"Umeingia, bibi. Na wewe umeingia."

"Mimi nipo. Mlango ndio usikose."

Siku ya kuvunja, mafundi kwa bidii yao wakaanza na mlango. Watoto wanafika, umeshapakiwa kwenye pikapu kuelekea Buguruni, ambako mbao nzuri haichelewi kugeuka kitanda cha mtu. Rangi ya marehemu ikabaki sehemu moja tu duniani, na sehemu hiyo ilikuwa filamu yangu ambayo hata haijasafishwa. Hongera zangu.

Jirani yetu muuza mapazia, Mchaga tuliyemwita Mangi, alikuwa anaenda China kufuata mzigo. Filamu ikasafiri mfukoni mwake, ikakosa fundi, ikarudi, ikasafiri tena. Ghorofa lilipanda haraka kuliko picha yangu. Mwisho slaidi zikaja ndani ya robota la mapazia.

"Kaka, nimezunguka mji wa watu na hiki kichupa cha filamu," Mangi akasema. "Nikadhani umeficha dhahabu. Kumbe mlango!"

Nikaiinua slaidi dirishani, na rangi ilikuwamo. Nikaenda mbio kwa muuza rangi, naye akachungulia kwa jicho moja kama anayetazama tundu la ufunguo. "Kwa kidude hiki sichanganyi kitu. Niletee picha ya karatasi." Hapo ndipo nikajifunza neno kuskani, yaani mashine kuisoma slaidi ili ichapwe kwenye karatasi.

Studio ya kwanza, mtaa wa Msimbazi, ni mabingwa wa picha za pasipoti. Fundi akaidhania slaidi kuwa negativu, ile filamu yenye rangi zilizopinduka, akazigeuza rangi, bibi akatoka na uso wa samawati. Nilipomweleza, akacheka, akairudisha, kisha akaitengeneza kwa ukarimu ambao sikuuomba.

"Nimemng'arisha kidogo. Wote wanapenda."

Bibi alikuwa mweupe kama unga wa ngano. "Na mlango?" nikauliza.

"Ulikuwa umechakaa, broo. Nimeupa uhai."

Ulikuwa na uhai wa kituo cha mafuta, bluu inayowaka. Studio ya pili ikanipa mlango wa kijani kibichi na vumbi la skana limetapakaa kama mchele. Nikazibeba zote mbili hadi kwa binti yake bibi, alikojihifadhi akisubiri fleti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huu mlango wa nani?"

"Wako."

"Wangu haukuwa wa zahanati. Na huu wa pili ni wa msikiti."

Nikaanza kumhutubia habari za mashine na mwanga, elimu yangu yote ya mtaani. Akaniacha nikihutubia, akaingia ndani, akatoka na kanga. Ni ileile ya siku ya picha. Hajaivaa tena wala kuifua, kwa sababu ndiyo aliyoagia nyumba.

"Kanga ikifanana, na mlango utafanana. Isipofanana usinipandie ngazi."

Nikarudi studio ya pili na kanga begani. Nikamwambia fundi azime marekebisho yote ambayo mashine inajifanyia. "Itatoka mbaya," akanionya. Acha itoke mbaya. Tukafuta kioo cha skana, tukapuliza vumbi, tukachapa, tukaipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga wa jua na kuilaza juu ya kanga. Mara damu ya mzee inakuwa zambarau, mara njano inakuwa chungwa. Nyuma yetu foleni ya picha za pasipoti ikachoka.

"Jamani, kanga nayo inasafiri?" mama mmoja akauliza.

"Imepata viza kabla yako," mwingine akamjibu.

Fundi, aliyeanza kwa kunidharau, sasa ndiye aliyekuwa akikataa: "Bado, njano inadanganya." Karatasi moja hatimaye ikalala juu ya kanga, mstari kati ya kanga ya picha na ya kweli ukapotea. Ndipo nikathubutu kuutazama mlango. Si bluu wala kijani.

Rangi ikachanganywa, mlango wa fleti ukapakwa. Siku ya kuhamia bibi akasimama mbele yake muda, haingii, mpaka binti akauliza kama ufunguo umekataa. Bibi akaupapasa mlango kwa kiganja.

"Haujakataa," akasema.

Nilipokwenda kumtembelea, nikakuta sebuleni picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu. Si ile tuliyoihangaikia. Ni ile ya studio ya kwanza, imekuzwa, bibi mweupe pe, mlango wa kituo cha mafuta.

"Bibi! Si hii tuliikataa?"

"Tuliukataa mlango," akasema, huku akinimiminia chai. "Mimi humo nimetoka vizuri."