Kigelegele Nilichokipiga Shella

Miaka ile ya themanini nilianza kazi ya kukaa na waja wazito, kuwakanda mgongo na kuwatuliza uchungu ukiwashika. Sikupata hata mmoja, maana Malindi kila mja mzito ana mamake.

Asubuhi moja nikapita Shella kwa Mwanaisha, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia. Nikaona maji yanachemshwa uani, wanawake wanaingia na kanga, wanaume wamesimama nje kimya. Uchungu huo! Kwa tamaa yangu nikaingia nikipiga kigelegele, hata mtoto sijamwona, ili nyumba nzima ijue nimefika.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Akatoka Mwanaisha mwenyewe, tumbo mbele, macho mekundu.

"Twamuosha mama," akasema. "Jana tu aliniambia nikuite wewe."